Kuhamishia mtandao wa kebo kwenye dijitali, Tanga: chasisi ya moduli au vifaa vinavyojitegemea?

Kebo_Ngamiani, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaendesha mtandao mdogo wa televisheni ya kebo hapa Tanga mjini, unaohudumia baadhi ya mitaa ya Ngamiani na Makorora, na mpaka leo tunasambaza kwa analojia. Wapo watakaoshangaa, kwa kuwa matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia. Lakini uzimaji ule ulihusu minara ya angani, na wateja wetu wameendelea kuchomeka waya moja kwa moja nyuma ya televisheni bila king'amuzi chochote, jambo ambalo kwa kweli ndilo lililowafanya wabaki nasi muda wote huu.

Chumba chetu cha mitambo kiko kama vilivyo vya wengi walioanza zamani. Kila chaneli ina risiva yake na modyuleta yake, chaneli 46 kwa jumla, zote zikiingia kwenye kombaina na kutoka kwa waya mmoja kwenda kwenye amplifaya ya kwanza. Rafu zimejaa, nyaya za nyuma hazijulikani tena ipi inatoka wapi, na kiyoyozi hakipumziki. Wateja nao wananunua televisheni kubwa, na picha iliyovumilika kwenye inchi 21 haivumiliki kwenye inchi 50.

Nimeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni chasisi moja ya kufunga kwenye rafu, yenye nafasi za kuchomeka moduli: moduli za kupokea setilaiti, moduli za kufungua chaneli zilizofungwa, moduli ya kukusanya chaneli pamoja na moduli ya QAM (njia ya kubebesha data ya dijitali kwenye mawimbi ya kebo) ya kuzirusha kwenye waya, ikiwa na pawa saplai mbili. La pili ni vifaa vinavyojitegemea, kila kimoja kikiwa na sanduku lake, umeme wake na kazi yake. La kwanza ni ghali zaidi, na muuzaji anasema thamani yake iko katika kuweza kuongeza moduli kadiri mtandao unavyokua.

Naomba ushauri wa walioshika mitambo hii kwa mikono yao. Je, gharama ya moduli inajilipa kwa mtandao wa ukubwa wangu? Nitahitaji mikondo mingapi ya QAM? Na je, naweza kurusha analojia na dijitali kwa pamoja wakati wateja wanapata ving'amuzi, maana siwezi kuwazimia watu televisheni usiku mmoja?

Mitambo_DSM, Dar es Salaam

Ndugu Kebo_Ngamiani, nianze na hesabu, kwa sababu bila hesabu utanunua moduli usizozihitaji au utaishiwa nafasi mapema.

Mkondo mmoja wa DVB-C (kiwango cha televisheni ya dijitali ya kebo) wenye upana wa MHz 8, ukiendeshwa kwa QAM 64 na kasi ya alama milioni 6.875 kwa sekunde, hubeba megabiti 38.01 kwa sekunde. Ukipandisha hadi QAM 256, mkondo huohuo hubeba megabiti 50.69. Chaneli ya picha ya kawaida huchukua kati ya megabiti 2 na 5 kutegemea kama imebanwa kwa MPEG-2 au MPEG-4, na chaneli ya HD ya MPEG-4 tuseme 7. Tuchukulie kwamba chaneli zako 36 ni za kawaida kwa wastani wa 3.5 na 10 ni za HD: hiyo ni megabiti 126 na 70, jumla 196. Usijaze mkondo hadi ukingoni, bali acha megabiti mbili kwa ajili ya majedwali (orodha zinazokiongoza king'amuzi) na mipando ya ghafla ya picha zenye mwendo mwingi kama mpira. Ukifanya hivyo, mikondo sita ya QAM 64 inakutosha, na nafasi kidogo inabaki. Sita tu, yaani MHz 48, mahali ambapo leo unatumia nafasi 46. Hapo tayari swali lako la kurusha vyote viwili kwa pamoja limeanza kujibika.

Sasa kuhusu kupokea. Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi, kwa sababu transponda (mkondo mmoja wa setilaiti) ya DVB-S, kiwango cha kwanza cha setilaiti, yenye kasi ya alama milioni 27.5 na FEC 3/4 (robo tatu ni data, robo ni kinga ya makosa) hutoa megabiti 38.01 zilezile, sawasawa na QAM 64. Haikuwa bahati: milioni 27.5 ni mara nne ya 6.875, na wapangaji wa viwango walikusudia transponda nzima iweze kumiminwa kwenye mkondo mmoja wa kebo bila kupunguza kitu. Ndiyo maana mitambo mingi ya wakati ule ilikuwa kadi moja yenye mlango wa dishi upande huu na mlango wa kebo upande ule. Tangu kiwango kipya cha DVB-S2 kienee, transponda moja ya 8PSK (njia yake ya kubebesha data) yenye alama milioni 30 na FEC 2/3 hutoa karibu megabiti 59, ambazo haziingii kwenye QAM 64 wala kwenye QAM 256. Kwa hiyo ni lazima uchague chaneli unazozitaka, uziache nyingine, kisha uzipange upya kwenye mikondo yako. Kazi hiyo ya kuchambua na kupanga upya ndiyo moyo wa mtambo wa kisasa, nayo haionekani kwa macho unapoangalia picha ya chasisi kwenye karatasi ya bei.

Ndipo ninapofika kwenye swali lako kubwa. Neno moduli halinishtui mimi. Ninachomuuliza muuzaji ni jinsi moduli zinavyopelekeana data. Kuna chasisi ambazo moduli hupokezana mkondo kupitia ubao wa nyuma pekee, kwa njia inayojulikana na mtengenezaji peke yake. Ukinunua hiyo, umefunga ndoa naye, na kila moduli ya baadaye itatoka kwake kwa bei atakayoitaka. Kuna nyingine ambazo kila moduli inaweza kutoa na kupokea mkondo kwa IP, kwenye mlango wa kawaida wa gigabiti, ambapo paketi saba za baiti 188 hupakiwa katika kifurushi kimoja cha UDP chenye baiti 1,316. Hapo unaweza kupokea kwa chasisi ya mtengenezaji mmoja na kurusha QAM kwa kifaa cha mwingine, na siku moduli ya kupokea ikifa unaweza kuazima risiva yoyote yenye mlango wa IP mpaka nyingine ifike. Mradi swichi katikati yao iwe na IGMP snuping, yaani uwezo wa kupeleka mkondo kwenye mlango uliouomba tu, la sivyo mikondo yote itamwagika kwenye kila mlango na utatafuta tatizo kusipokuwa na tatizo.

Ikiwa chasisi uliyoletewa ni ya aina ya pili, mimi ningeinunua. Ikiwa ni ya aina ya kwanza, chukua masanduku.

Fundi_Chumbageni, Tanga

Nakubaliana na hesabu za Mitambo_DSM, lakini nadhani ameharakisha kuikubali chasisi.

Mtandao wenye masanduku 46 ukiharibikiwa na sanduku moja, chaneli moja inapotea na simu zinazopigwa ni chache. Mtandao wenye chasisi moja ukiharibikiwa na ubao wa nyuma au kadi ya uongozi, mji mzima unakaa gizani, na kadi hiyo haiuzwi Tanga, na mara nyingi haiuzwi hata Dar es Salaam. Inaagizwa nje, inasubiri ndege, inasubiri forodha. Pawa saplai mbili ni jambo jema, lakini wengi huzichomeka zote kwenye soketi ya stabilaiza moja, kwa hiyo stabilaiza ikiungua zinazimika pamoja kama pacha. Moja ingekaa kwenye inveta yenye betri, ya pili kwenye umeme wa moja kwa moja kupitia kizuizi cha radi, na kila moja iwe na uwezo wa kubeba chasisi nzima peke yake. Hilo la mwisho lipimwe kwa kung'oa waya mmoja mbele ya muuzaji kabla hajaondoka.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji mpaka baada ya malipo ni leseni za programu. Moduli inaweza kuja na milango minne ya QAM, miwili ikiwa imefunguliwa na miwili imefungwa, na ufunguo wa hiyo iliyobaki unauzwa kando. Bei ya kuongeza moduli kadiri unavyokua iandikwe leo kwenye mkataba, pamoja na bei ya funguo.

Kwa mtandao wa mitaa michache mimi ningechukua vifaa vinavyojitegemea viwili vya QAM, vyenye mikondo minne kila kimoja, nikatumia mitatu kwa kila kifaa. Kimoja kikifa, cha pili kina mlango wa akiba wa kubebea angalau mkondo wenye chaneli zinazotazamwa zaidi.

Bwagamoyo_Waya, Bagamoyo

Ndugu zangu, sisi huku Bagamoyo tunatumia chasisi ya moduli, kwa hiyo nitasema ya upande huo, ingawa hoja ya Fundi_Chumbageni kuhusu vipuri siipingi.

Faida tuliyoipata haikuwa ile ya kukua. Mtandao wetu haukukua kiasi hicho. Faida ni kwamba moduli inabadilishwa chasisi ikiwa inawaka. Unalegeza skrubu mbili za mbele, unavuta kwa vishikio vyote viwili ili moduli isiende upande, na unaposukuma mpya unafuata reli taratibu hadi uhisi meno ya nyuma yameshika. Ukiilazimisha kwa pembe, pini za ubao wa nyuma hupinda na hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Kadi ya uongozi huitambua, huisomea mipangilio iliyohifadhiwa, taa huacha kupepesa, na chaneli hurudi. Mteja huona picha imeganda kidogo kisha ikaendelea. Kwa masanduku ya zamani kazi hiyohiyo ilimaanisha kufungua nyaya, kuweka anwani upya na kupanga chaneli kwa mkono.

Ila hatukuweka chaneli zote kubwa kwenye moduli moja. TBC1, ITV na Clouds hatuzipokei kwa kadi moja hata kama zingeweza kupatikana hivyo, kwa sababu mtu aliyepoteza taarifa ya habari huhamia kituo kingine na kutulia, lakini aliyepoteza zote tatu anapiga simu. Mpangilio wa namna hii haugharimu chochote ila fikra, na hakuna karatasi ya mtengenezaji itakayokuelekeza kuufanya.

Kisha kuna bahari. Kipindi cha kusi upepo huleta unyevu wa chumvi mpaka ndani, na feni za chasisi huuvuta pamoja na vumbi. Kichujio cha mbele kisafishwe kwa ratiba iliyoandikwa ukutani, maana kikiziba moduli za katikati hupata joto kabla ya zile za pembeni, na dalili yake ni chaneli kukatika mchana na kupona usiku. Nje hali ni mbaya zaidi. Fungua konekta ya F iliyokaa juani bila kofia ya mpira karibu na pwani, utaona waya wa kati, ambao kwa kawaida ni chuma kilichopakwa shaba, umeota ukijani na chini yake kutu. Kwa analojia konekta hiyo ilileta chenga kidogo na mteja akavumilia. Kwa dijitali picha itakuwa safi kabisa mpaka kiwango fulani, halafu itavunjika vipande na kupotea, na lawama zote zitaelekezwa kwenye chasisi yako mpya.

Kebo_Ngamiani, Tanga

Nawashukuru nyote. Nimemuuliza muuzaji kuhusu IP naye amethibitisha kwa maandishi kwamba moduli za kupokea zina mlango wa kutolea mkondo na moduli ya QAM ina mlango wa kupokelea, bila kulazimika kupita ubao wa nyuma. Suala la leseni alilikwepa mara ya kwanza. Nilipolirudia akakiri kwamba milango miwili ya QAM inauzwa kando.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mita yetu ya kupimia mawimbi ni ya analojia, je, inatosha? Na amplifaya zetu nyingi za barabarani zimeandikwa MHz 550, je, mikondo ya dijitali niiweke wapi?

Mitambo_DSM, Dar es Salaam

Mita ya analojia haitoshi. Hiyo husoma kilele cha mkondo wa picha, na QAM haina kilele cha namna hiyo. Nguvu yake imetandazwa katika MHz 8 zote kama mvumo. Tafuta mita inayosoma nguvu ya mkondo mzima, MER (kipimo cha usafi wa mawimbi ya dijitali) na makosa ya biti kabla na baada ya kusahihishwa. MER ndiyo itakayokuambia ukweli. Kwenye mlango wa moduli ya QAM itarajie desibeli 40 au zaidi, na ukipata chini ya hapo kwenye kifaa kipya kirudishe. Kwenye tapu (kigawanyo kinachotoa waya wa mteja) ya mwisho ya mtaa nisingekubali chini ya 30 kwa QAM 64, ingawa king'amuzi kinaweza kuendelea kuonyesha picha hata kwa 25. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa na konekta alizozitaja ndugu yetu wa Bagamoyo. QAM 256 inataka MER ya juu zaidi kwa takriban desibeli 6, na kwa waya wa zamani wenye amplifaya nyingi zinazofuatana ningeiacha mpaka utakapopeleka faiba karibu na nyumba.

Kuhusu amplifaya za MHz 550: usiweke dijitali juu ya kikomo hicho kwa matumaini. Hata zingepitisha kidogo, waya wenyewe unakula zaidi kadiri masafa yanavyopanda. RG-6 hupoteza takriban desibeli 5 kwa mita 100 kwenye MHz 55, lakini hupoteza zaidi ya 18 karibu na MHz 750. Ni afadhali utoe chaneli chache za analojia zisizotazamwa, zilizo katikati ya masafa, uweke mkondo wa kwanza wa QAM hapo. Chaneli moja ya analojia ikiondoka, nafasi yake inabeba chaneli kumi za kawaida, kwa hiyo mteja aliyepata king'amuzi hakosi kitu. Endelea hivyo mkondo baada ya mkondo. Weka QAM 64 desibeli 10 chini ya kiwango cha analojia iliyo jirani yake; ukiziweka sawa, amplifaya italemewa na chaneli za analojia zitaanza kuonyesha mistari.

Usisahau majedwali. King'amuzi cha kebo hutafuta chaneli kwa kusoma NIT, jedwali linalotaja masafa ya mikondo yako yote. Moduli ya kukusanya ikipitisha NIT ya setilaiti kama ilivyokuja, ving'amuzi vitatafuta transponda ndani ya waya na kurudi mikono mitupu. Andika NIT yako, badilisha namba za huduma zinazogongana kutoka transponda tofauti, na uweke namba za chaneli ili TBC1 iwe mahali pamoja kwenye kila nyumba.

La mwisho ni la karatasi. Moduli ya kufungua chaneli zilizofungwa inafanya kazi ya ufundi tu, na kadi ya matumizi ya nyumbani haikupi haki ya kuisambaza chaneli kwa mtaa. Makubaliano na mwenye chaneli yawepo, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na leseni yako ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ilingane na huduma utakayotoa. Uliza pia kama vifaa vyenyewe na ving'amuzi vimepata idhini ya aina kutoka TCRA kabla havijapakiwa, kwa sababu bandarini ni mahali pabaya pa kuanza kuulizana.

Fundi_Chumbageni, Tanga

Kwa kuwa mlango wa IP upo, napunguza pingamizi langu. Nunua chasisi, lakini ongeza kifaa kimoja kidogo cha QAM kinachojitegemea, chenye mikondo minne, kikae kwenye swichi hiyohiyo kikiwa kimepangwa tayari na kimezimwa upande wa kutoa mawimbi. Ubao wa nyuma ukifa, unachomeka waya wake kwenye kombaina na kukiwasha, ukiwa na risiva moja au mbili za IP za akiba za kukilisha. Mita ya QAM ninayo. Sema siku unayotaka tupite tapu za Makorora, tuanze na zile za mwisho wa mstari.

Kebo_Ngamiani, Tanga

Tupite Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Amana sitailipa mpaka namba za MER za tapu za mwisho ziwe mezani, na bei ya leseni mbili zilizobaki iwe ndani ya mkataba.